Kwa nini Wainuit walipata Nunavut, lakini Wadene hawakupata Denendeh?

Zuhura_YK aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Niko Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, huu mwaka wa pili. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo. Wazee wangu wengi ni Wadene, wenyeji wa asili wa huku. Yupo pia mzee mmoja Mwinuit, jamii nyingine ya wenyeji, aliyeletwa huku kutibiwa figo, akabaki.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakunywa chai. Bibi mmoja wa Dettah, kile kijiji cha ng'ambo ya ghuba, akafungua mkoba wake akatoa noti ya dola 5. Mpya, haijakunjwa hata mara moja. Akasema hii ni ya mkataba. Kumbe kila mwaka serikali huwalipa dola 5 kwa kichwa tangu babu zao walipotia saini, na polisi wa shirikisho huja na lile koti lao jekundu kusimamia zoezi. Nikacheka nikidhani ni utani. Bibi hakucheka. Akasema, "Babu zangu hawakuuza kitu."

Yule mzee akadakia kutoka meza ya pili: sisi hatukusaini mkataba wowote zamani zile, ndiyo maana leo tuna Nunavut na nyinyi mna dola 5. Bibi akageuza kiti chake, akampa mgongo. Siku ya sita leo hawasemeshani, na mimi ndiye ninayewapelekea uji wote wawili.

Naomba mnisaidie. Nijuavyo mimi, zamani hili lote lilikuwa eneo moja, Northwest Territories, kisha likagawanywa. Waliogawa ni nani, na mstari ulipitaje? Na kwa nini Wainuit wakapata eneo lao, Nunavut, lenye bunge na waziri kiongozi, Wadene wakabaki humu pamoja na sisi wageni? Nikiwauliza wazungu wa kazini wananiambia "ni mambo marefu" halafu wanabadilisha mazungumzo.

Dereva_wa_Barafu alijibu:

Dada Zuhura, pole kwa vita ya mezani. Hao wazee wako wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo penye kazi.

Mimi niko hapa tangu 2004. Misimu mingi ya baridi nimeendesha lori kwenye barabara ya barafu inayoanzia ziwa Tibbitt, nje ya Yellowknife, kupanda hadi migodi ya almasi. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ni maziwa yaliyoganda. Ukiwa na mzigo unatambaa kilomita 25 kwa saa, kwa sababu uzito wako unasukuma wimbi la maji chini ya barafu. Ukikimbia, wimbi linakutangulia na kwenda kuipasua barafu karibu na ufuko. Redio umeizima, unasikiliza barafu inavyolia chini ya magurudumu, na ikinyamaza ndipo roho inapokuruka.

Msimu wa 2007 nilipeleka dizeli Jericho, mgodi wa kwanza wa almasi wa Nunavut, huko juu karibu na ziwa Contwoyto. Mahali fulani usiku ule nilitoka Northwest Territories nikaingia Nunavut. Kama kibao kilikuwepo, mimi sikukiona. Hakuna mti, hakuna nguzo, saa hazibadiliki. Nilipofika nikamuuliza fundi mmoja mpaka uko wapi. Akanyoosha kidole kusini: "Umeshaupita, ulikuwa unakula mkate."

Mstari huo ambao mimi niliupita nikiwa na mkate mdomoni uliwagombanisha watu zaidi ya miaka 10.

Tuanze na hesabu ya watu, maana siasa ya huku ni hesabu. Mashariki na kaskazini, pasipo na miti, Wainuit ni kama watu 85 katika kila 100. Mwaka 1976 chama chao, Inuit Tapirisat, kilipeleka Ottawa, makao ya serikali ya shirikisho, pendekezo la eneo jipya, Nunavut, yaani "ardhi yetu". Waliomba serikali ya wakazi wote, Mwinuit na mgeni wapige kura pamoja kama kawaida. Angalia ujanja wake: ukiwa wewe ni 85 kati ya 100, serikali ya wote ni serikali yako. Wala huhitaji kuandika jina la kabila lako mlangoni. Ottawa haikuimeza upesi. Mwaka 1980 mjumbe maalumu wa serikali, Drury, bado alishauri eneo lisigawanywe. Ila angalau ilikuwa lugha wanayoielewa.

Wadene walikuwa wameshatoa kauli nzito zaidi. Julai 1975, pale Fort Simpson, walitangaza kwamba wao ni taifa, na wanataka kujitawala kama taifa ndani ya Kanada. Nchi yao wanaiita Denendeh. Lakini magharibi huku kuna Yellowknife, Hay River na Fort Smith, miji iliyojaa watu wa kuja, mimi na wewe tukiwemo. Kuna Wamétis, machotara wa wenyeji na wazungu. Kuna Wainuvialuit kule kwenye delta ya mto Mackenzie. Serikali ya wakazi wote huku ingempa Mdene sauti moja katika nyingi, tena juu ya ardhi ambayo kwake haijawahi kuwa ya mtu mwingine. Ndiyo maana walitaka serikali ya taifa lao, na neno hilo "taifa" ndilo lililowakwama kooni wakubwa wa Ottawa.

Ikaja kura ya maoni ya Aprili 14, 1982: tugawane au tusigawane? Asilimia 56 hivi wakasema tugawane. Mashariki walijitokeza kwa wingi. Magharibi wengi hawakwenda hata kupiga kura.

Sasa mstari upite wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani ugomvi wote ulikuwa wa wenyeji na wazungu. Ugomvi mgumu kuliko wote ulikuwa wa jirani na jirani. Kienyeji watu walisema miti inapoishia ndipo Mdene anapoishia, na hapo Mwinuit anaanza. Maneno mazuri. Tatizo, miti haiishi kama ukuta, inaisha kama ndevu za kijana, kamoja hapa, tatu kule. Na karibuu hawajali.

(Karibuu ni wale wanyama wa jamii ya kulungu, wenye pembe kama matawi. Jina linasikika kama "karibu" yetu. Mara ya kwanza niliposikia mtu anasema redioni "karibuu barabarani" nilidhani kuna Mswahili mwenzangu ananikaribisha.)

Kundi la Bathurst, ambalo ndilo hupita kwenye ile barabara yetu, huzalia upande wa Nunavut majira ya joto, kisha hushuka kusini msituni wakati wa baridi. Wadene waliwafuata hadi nje ya miti, mbali sana juu ya tundra. Wainuit nao waliingia bara hadi Contwoyto na mto Thelon kuwinda haohao. Maziwa yaleyale yana majina mawili, moja la Kidene na moja la Kiinuit, na kila mzee atakuapia kwamba la kwao lilitangulia. Sasa we chukua rula, pitisha mstari hapo bila kumkata mtu mguu.

Viongozi walijaribu. Januari 1987 walitiliana saini Iqaluit, lakini pande mbili hazikuweza kukamilisha mstari na makubaliano yakafia njiani. Mwaka 1990 serikali ikamteua John Parker, aliyewahi kuwa kamishna wa Northwest Territories, akae na ramani atoe uamuzi. Mstari alioupendekeza ukapelekwa kwenye kura Mei 4, 1992. Ukapita kwa asilimia 54. Huku kwetu magharibi wengi walisema hapana, mashariki wakausukuma ukapita. Aprili 1, 1999 Nunavut ikazaliwa.

Sasa turudi kwa bibi na noti yake. Kaskazini hii ilisainiwa mikataba miwili, wa 8 mwaka 1899 na wa 11 mwaka 1921. Watu wa upande wa bibi waliingia kwenye ule wa 8 mwaka 1900, Fort Resolution. Ule wa 11 ulikuja mbiombio mara tu mafuta yalipopatikana Norman Wells mwaka 1920, na wewe mwenyewe unaweza kujaza sababu. Karatasi ya Kiingereza inasema Wadene wamekabidhi na kusalimisha ardhi yao yote. Wazee wanasema walichokubali ni amani: sisi tusiwadhuru, nyinyi msituzuie kuwinda, na mtupe dola 5 kila mwaka kama alama ya neno hilo. Mwaka 1973 machifu 16 walikwenda mahakamani kuweka zuio juu ya ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1. Jaji Morrow akasafiri kijiji kwa kijiji kuwasikiliza wazee waliokuwepo siku ya kusaini, akaona kuna shaka ya kweli kama ardhi ilisalimishwa. Mahakama za juu zikaliondoa zuio kwa hoja za kisheria za usajili, lakini maneno ya wale wazee hakuna aliyeweza kuyafuta, na Ottawa ikakaa mezani.

Wakajadiliana miaka mingi. Aprili 1990 mapatano ya Wadene na Wamétis yakawa tayari: dola milioni 500 na umiliki wa kilomita za mraba zipatazo 180,000. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kilekile, kwamba kwa kupokea hivi mnakabidhi na kusalimisha haki zenu za asili juu ya ardhi. Julai mwaka huohuo wakakutana wajumbe wa vijiji vyote. Wakakataa. Wakasema kifungu hicho kijadiliwe upya. Wagwich'in, Wadene wa kaskazini, wakajitoa wakaenda kujadiliana peke yao, Wasahtu, Wadene wenzao, wakafuata, na Ottawa ikafunga jalada. Denendeh kama kitu kimoja ikaishia hapo.

Na Wainuit? Mei 25, 1993 walisaini mapatano yao Iqaluit, na kifungu cha kusalimisha kilikuwemo humo pia. Walikubali bei ambayo majirani zao waliikataa miaka mitatu nyuma. Wakapata dola bilioni 1.1 na ushei, umiliki wa kilomita za mraba 350,000 hivi, na kitu ambacho Wadene hawakuwekewa mezani: ahadi ya maandishi, ndani ya mapatano yenyewe, kwamba eneo la Nunavut litaundwa.

Mzee wako anaona kilichopatikana, bibi anaona kilichosalimishwa. Wape uji.

Kiboko_Yao aliandika:

Bwana dereva umeeleza vizuri ila hitimisho liko wazi, hao Wadene walijikwaa wenyewe. Milioni 500 unazikataa kwa sababu ya sentensi moja? Sasa hivi wangekuwa mbali. Na hili la kugombania mstari kwa sababu ya wanyama wanaotembea ni utoto. Mngechora mstari wa latitudo au longitudo mkamaliza siku moja.

Dereva_wa_Barafu alijibu:

Kiboko, mstari wa latitudo upo, na nitakuonyesha kazi yake. Latitudo ya 60 ndiyo inayoyatenga majimbo manne ya magharibi na maeneo ya kaskazini. Ilichorwa ofisini, imenyooka kama uzi. Wapo Wadene wanaoishi kaskazini mwa Saskatchewan na Manitoba, chini kidogo ya uzi huo, ambao tangu enzi wanawinda juu yake. Nunavut ilipoundwa, viwanja vyao vya kuwindia vikajikuta ndani ya eneo la Wainuit. Wakaenda mahakamani, wakarudi mezani, miaka na miaka. Huo ndio mstari wako wa siku moja.

Na hao wanyama unaosema wanatembea ndio chakula. Miaka ya 1980 kundi la Bathurst lilihesabiwa kama 470,000. Hesabu ya 2018 ikatoa 8,200. Mimi mwenyewe nimeona tofauti kwa macho. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunasimamisha malori dakika 40 kuwapisha wavuke ziwa, wanapita tu, mvuke unawatoka puani, hakuna anayepiga honi. Misimu ya karibuni namaliza safari nzima bila kuona hata mmoja. Tangu 2015 huku NWT, yaani Northwest Territories, kuna eneo la marufuku ya kuwinda linalohama pamoja na kundi lenyewe, na kuna kituo cha askari wa wanyama kwenye barabara yetu. Lakini kundi linazalia upande wa pili, chini ya serikali nyingine na bodi nyingine. Watu wa huku wanalia kwamba wao wamefunga bunduki wakati hatima ya ndama inaamuliwa Nunavut. Mstari ule wa 1992 unafanya kazi mpaka leo, kila majira ya kuzaa.

Kuhusu sentensi moja, hebu tuwaangalie Watlicho, Wadene wa vijiji vinne kaskazini-magharibi ya Yellowknife. Chifu wao Monfwi alipoufikia mkataba wa 11 mwaka 1921 hakukubali kwanza mpaka aeleze mipaka ya nchi ya watu wake, ziwa kwa ziwa. Akaweka sharti la muda wa neno lake: maadamu jua linachomoza, mto unatiririka na ardhi haijahama. Wajukuu walipokaa na Ottawa baada ya yale ya 1990 kuvunjika, walirudi kwenye ramani hiyo ya mdomo. Mapatano yao yalisainiwa Agosti 2003, yakaanza kufanya kazi Agosti 2005. Wanamiliki kilomita za mraba 39,000 kwa pamoja, kipande kimoja kisichokatwakatwa, juu ya ardhi na chini yake. Wana serikali yao, wanatunga sheria, na kila kijiji kina chifu. Na yale maneno ya kukabidhi na kusalimisha haki hayakutumika. Waliahidi tu kutodai haki nje ya zile zilizoandikwa humo. Mwanasheria atakwambia matokeo yanakaribiana. Mzee wa Behchokǫ̀, kijiji cha Watlicho, atakwambia ni mbingu na ardhi, kwa sababu hakuna mahali alipotamka kwamba nchi ya babu yake si yake tena.

Kwa hiyo sentensi moja ilikawiza mambo miaka 13, halafu ikabadilika. Watu wa Akaitcho, yaani wa kina bibi wa Dettah, na wa Dehcho kule Fort Simpson, hawajamaliza mpaka leo. Hilo nakubali ni gharama, kuna kizazi kimezeeka kikisubiri. Ila usiite kujikwaa.

Muuguzi_Iqaluit aliandika:

Salamu kutoka upande wa pili wa mstari. Niko Iqaluit mwaka wa saba, uuguzi.

Kaka dereva ameeleza kama mtu wa magharibi, si vibaya. Niongeze tu kwamba huku Wainuit waligawanywa mashariki na magharibi kabla hata ya kura. Kuanzia 1941 serikali iliwapa vidani vyenye namba, kipande kidogo cha mviringo cha kuvaa shingoni, kwa sababu makarani walishindwa kuandika majina yao. Namba zilianza na E kwa walioko mashariki ya Gjoa Haven, na W kwa magharibi. Ilikuwa hivyo hadi mradi wa majina ya ukoo wa 1968 hadi 1971 aliousimamia Abe Okpik, Mwinuit mwenyewe. Nina wagonjwa wanaoikumbuka namba yao kuliko tarehe ya kuzaliwa. Nikiwauliza jina kwa ajili ya faili, wengine hutaja namba kwanza halafu wanacheka. Mtu aliyeitwa kwa namba na serikali ya mbali, ukimwambia kutakuwa na bunge linalozungumza Kiinuktitut, lugha yake, unadhani atapiga kura gani?

Lakini msituonee wivu sana. Vijiji 25, hakuna hata viwili vilivyounganishwa kwa barabara. Mapatano yalisema Wainuit wawe serikalini kwa kiwango cha idadi yao, wako karibu nusu tu ya ajira, na vyeo vya juu bado ni vya watu wa kusini, wauguzi kama mimi tukiwemo. Shirika lao lililopokea mapatano, Nunavut Tunngavik, lilibidi liishtaki Ottawa mwaka 2006 kwa kutotekeleza, wakamalizana 2015 kwa dola milioni 255.5. Na ardhi ya umma na madini yake bado viko mikononi mwa shirikisho. NWT walikabidhiwa vyao Aprili 2014. Sisi mapatano yamesainiwa Januari 2024 na makabidhiano yamepangwa Aprili 2027. Yaani aliyepata bunge lake bado anangoja funguo za ghala.

Jambo moja ambalo wanaume hamlitaji kamwe: mwaka 1997, kabla eneo halijaanza, watu wa Nunavut walipiga kura kama kila jimbo la uchaguzi lichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Lingekuwa bunge la namna ya peke yake duniani. Asilimia 57 wakakataa. Nalipenda eneo hili, ila hilo bado linaniuma na wala sikuwepo.

Zuhura_YK aliandika:

Asanteni sana, jamani. Nimesoma yote nikiwa zamu ya usiku.

Swali dogo limebaki. Dereva umewataja Wainuvialuit wa kwenye delta. Hao si Wainuit? Mbona wako huku NWT na si Nunavut? Nina mwenzangu kazini anatoka Inuvik, nikamwita "mtu wa Nunavut", akanitazama kama nimemtukana.

Halafu, jina. Eneo limegawanywa, upande mmoja umepata jina jipya zuri, huku tumebaki na Northwest Territories, yaani "maeneo ya kaskazini-magharibi". Kaskazini-magharibi ya nani?

Dereva_wa_Barafu alijibu:

Ya Ottawa, dada. Enzi za kugawana walifungua milango watu wapendekeze jina jipya, na moja lililopata mashabiki wengi lilikuwa "Bob". Ndiyo, Bob. Watu walichoka siasa wakaamua kucheka. Denendeh nalo lilikuwa na watu wake, lakini Mwinuvialuit hawezi kukaa ndani ya jina linalosema nchi ni ya Wadene. Likabaki lile la zamani ambalo halimfurahishi mtu na halimkasirishi mtu.

Mwenzako wa Inuvik usimwite hivyo tena. Wainuvialuit ni jamii ya Wainuit, lakini walijitenga na madai ya pamoja miaka ya 1970, kwa sababu mafuta na gesi vilikuwa vinatafutwa mlangoni kwao na wakaona wakisubiri wenzao watakuta kila kitu kimeshachimbwa. Walisaini mapatano yao Juni 1984, kabla ya wote huku NWT, wakapata ardhi ya kilomita za mraba 91,000 hivi. Biashara yao na shule zao vinafuata mto Mackenzie kuja kusini. Iqaluit kwao ni mbali kuliko unavyofikiri, angalia ramani. Kwa hiyo mpaka wa 1999 unawatenganisha Wainuit na Wainuit pia, na hao walitaka wenyewe.

Sasa na mimi nina swali kwako. Ule mkutano wa Julai 1990 uliokataa zile milioni 500, sikusema ulifanyika wapi. Ulifanyika Dettah. Kwa kina bibi. Kama wakati ule alikuwa anaishi kijijini, basi aliuona. Muulize, taratibu, akiwa ameshakunywa chai.

Zuhura_YK aliandika:

Nimemuuliza leo asubuhi.

Alikuwepo. Alikuwa mpishi. Anasema wageni walikuja wengi mpaka mahema yakajaa hadi kwenye miamba ya ufukweni, na yeye na dada zake walikuwa wanapasua samaki toka alfajiri, kwa hiyo hotuba nyingi alizisikia kwa mgongo. Anachokumbuka ni kwamba wakati wa kuamua vijana wawili waliacha kupakua kuni wakasimama mlangoni. Nikamuuliza kama alitaka wakubali au wakatae. Akanyamaza kidogo, akasema binti yake mkubwa alitaka wakubali, na waligombana majira yote ya joto.

Yule mzee Mwinuit alikuwa anasikiliza. Akauliza, samaki gani? Bibi akamjibu bila kugeuka: weupe, wa kukaushwa. Mzee akasema kwao hukausha wa aina nyingine, wekundu, wa mto, ni watamu zaidi. Sasa wanabishana kuhusu samaki. Nimewaacha hapo, nimekwenda kuchemsha maji.